Alama Nne za Namba Saba

Hakuna kitu ambacho kwaya inaweza kufanya mbele yangu nikashangaa. Nimesikia watu arobaini wakianza wimbo kila mmoja mahali pake, kisha wakakutana katikati kama watu waliopotezana sokoni. Nimesikia mwimbaji wa sauti ya nne akikoroma, naye amesimama wima. Nimesikia mwalimu wa kwaya akiimba sehemu zote nne peke yake kwa hofu, na waimbaji wake wakimsikiliza kwa heshima kubwa. Nilikaa nyuma ya blanketi la waamuzi miaka kumi na minane, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyenipita kwa sikio kati ya Keroka na Kenyenya. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli.

Ninyi vijana mnaochukua viti vyetu mmeniomba niwaandikie kazi hii inavyofanywa. Mimi si mtu wa vitabu. Nilifika darasa la pili, mwalimu akahamishwa, na mimi nikajihamisha. Lakini nyumba nne za kanisa zilizosimama kwenye vilima hivi nimezijenga mimi, na sikurithi hata mwiko. Nilianza kwa kubeba maji ya kukandia udongo wa mafundi wengine. Leo mafundi wengine ndio wanaonibebea. Kwa hiyo mkiona herufi zimeegemeana, vumilieni. Kuta zangu haziegemei.

Kazi ya kuamua kwaya ilinikuta juu ya ukuta.

Ilikuwa kabla ya vita ile ya pili, asubuhi moja karibu na Keroka. Nilikuwa kwenye jukwaa la miti nikimalizia kanisa ambalo halikuwa na paa bado, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka ndani ukajaza chumba chote kama maziwa kwenye kibuyu. Chini yangu kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Sikuwaona hata mmoja. Niliona weupe tu, na kutoka ndani ya ule weupe sauti zilikuwa zikipanda, za wanawake kwanza, halafu za wanaume chini yake, zikinizunguka miguuni. Nilikuwa nimeshika tofali. Nikasahau kwamba matofali huwekwa mahali.

"Simameni!" mtu akasema. Wimbo ukakatika. "Kuna mmoja ameachia kabla ya neno la mwisho. Ni nani?"

Miguu ikasogeasogea.

"Ni wa tatu kutoka mlangoni, Mwalimu," nikasema kutoka juu.



"Ni nani anayesema? Malaika?"

"Fundi, Mwalimu."

"Wewe Fundi, unatuona?"

"Siwaoni."

"Sasa umejuaje kuwa ni wa tatu?"

"Sauti yake inagonga mlango kwanza ndipo inanifikia."

Wanawake wakacheka. Halafu sauti ya msichana ikatoka mahali palepale nilipopataja, imekasirika: "Mimi sikuachia! Nilikuwa navuta pumzi. Kwetu tunavuta hapo. Huyo wa juu ashuke aimbe yeye, tusikie kama yeye hapumui!"

Huyo msichana alikuwa Kerubo. Mwaka uliofuata nilipeleka ng'ombe kwao, upande wa Nyaramba, akawa mke wangu. Na ile pumzi yake, ile ya kuvuta kabla ya neno la mwisho, kama mtu anayetua mtungi kichwani polepole ili maji yasimwagike, nimeisikia akitwanga, akipalilia pareto, akibembeleza watoto. Katika ndoto ningeijua. Wekeni jambo hilo akilini, nitalirudia.

Yule mwalimu alikuwa Mwalimu Ochieng, mtu wa upande wa ziwa aliyekuja huku kufundisha shule, mrefu, mpole, mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikawa kama ubao. Mfukoni alikuwa na kipande cha chuma chenye vidole viwili. Alikigonga gotini, akakisimamisha juu ya meza, na ile meza ikaanza kuimba noti moja, nyembamba, isiyotaka kwisha. "Hiki," akaniambia, "ni timazi ya sauti. Wewe unajua timazi."

Nilijua. Kamba yenye uzito chini, unaitundika, inakuonyesha kama ukuta wako umesimama au unadanganya. Kuanzia siku hiyo nilielewa muziki wote, na yaliyobaki yalikuwa majina tu. Mwalimu alinifundisha majina kwa miezi mitatu, jioni baada ya kazi. Watu waliosoma wanachukua miaka.

Mwaka uleule akaniingiza kuwa mwamuzi wa tatu kwenye mashindano ya kwaya. Mashindano yenyewe yalikuwa siku ya Jumatano, kwa sababu wengine hawawezi kushindana Jumamosi na wengine hawawezi Jumapili, na Jumatano ndiyo siku ambayo Mungu hakumpa mtu yeyote. Waamuzi tulikaa mbele, kwenye meza yenye kitambaa, tukiangaliana na waimbaji. Ikaingia kwaya ya mjini Kisii, wamevaa kanzu nyeupe na viatu, wanawake kwa wanaume, viatu vinalia sakafuni kwa mpangilio. Nikasema moyoni, hawa ni watu. Nikawapa alama nyingi kabla hawajafungua mdomo, kisha nikangoja waimbe nipate sababu. Wakashinda.

Jioni tulitembea na Mwalimu barabara ya Keroka. Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima, moshi wa jikoni umelala juu ya migomba. Kisha akasema, "Bwana Fundi, funga macho huku unatembea. Nitakushika mkono. Sasa niambie, ni wimbo gani unaousikia?"

Nikafunga macho. Nikatembea hivyo kama mtu wa usingizini, na wimbo ukaja wenyewe. Haukuwa wa wale wa kanzu. Ulikuwa wa watu kumi na wawili wa miguu mitupu kutoka Manga, ambao hata sikukumbuka nguo zao, ila sauti ya pili yao ilikuwa imekaa sawa kama safu ya matofali ya msingi. Nilikuwa nimewapa nafasi ya tano.

"Nimesikia," nikasema.

"Mimi pia," akasema Mwalimu. "Tumechelewa saa nne."

Blanketi lilikuwa wazo langu. Watu wengine watawaambia lilikuwa la kamati. Kamati ilileta misumari miwili ya kulitundikia. Lilikuwa blanketi la kijivu, zito, lenye mstari mwekundu, na sisi waamuzi watatu tulikaa nyuma yake tukitazama ukuta. Zamu za kwaya zilipigiwa kura kwa punje za mahindi kwenye kofia ya katibu, Bwana Nyakundi, na yeye alitangaza namba tu: "Namba moja! Namba mbili!" Viatu ilibidi vivuliwe nje, vyote, ili nisimjue tajiri kwa kisigino chake. Wa mjini walinung'unika sana. Mmoja akauliza kwa sauti kama Mungu naye anataka wavue, na Nyakundi akamjibu, "Muulize Musa."

Yalindeni mambo haya, maana watu wana akili. Mwaka mmoja mwalimu fulani alikohoa mara tatu kabla ya kuanza, ili mwamuzi aliye rafiki yake ajue. Tukapiga marufuku kukohoa. Mwaka uliofuata wote wakapiga chafya. Kuna kwaya, namba sita, iliyokuja na sauti ya nne ya ajabu, nene kama ngoma, na nikasema pale pale nyuma ya blanketi, "Huyo mtu aliimba namba mbili." Nyakundi akatazama. Yule mwimbaji alikuwa amebadilisha kofia tu. Tukamuuliza ni wa kanisa gani, akajibu kwa unyonge kwamba yeye anapenda kuimba tu. Niliziondolea alama kwaya zote mbili, namba mbili na namba sita, lakini yule jamaa mpaka leo namheshimu.

Msiandike alama wimbo ukiwa unaendelea. Kalamu inafunga sikio. Ngojeni mpaka mwangwi umalizike kwenye ukuta, hesabuni pumzi mbili, ndipo mwandike. Na msinywe uji kabla ya namba ya kumi. Mwenzangu mmoja, mzee wa kanisa mwenye roho safi, alikunywa uji wa wimbi kila asubuhi ya mashindano, na baada ya hapo kwaya zote zilimfikia kutoka mbali sana.

Mwalimu Ochieng aliweka sheria moja juu ya zangu zote. Aliniambia siku ya kwanza ya blanketi, akinishika bega: "Ukiijua kwaya kwa sauti, simama. Usiseme neno. Simama utoke nje, waachie wawili waamue, kisha rudi."

"Hata kama najua nitakuwa wa haki?"

"Hasa hapo."

Sasa niseme ukweli, kwa sababu mnaichukua kazi na mnapaswa kuichukua nzima. Kwa miaka kumi na minane sikusimama hata mara moja. Na niliwajua karibu wote. Blanketi linaziba macho, haliwezi kuziba sikio kama langu. Nilijiambia kwamba kusimama ni kwa watu dhaifu. Fundi akishika timazi hajali nyumba ni ya nani. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na watu walinisifu kwa haki yangu, na mimi niliwasaidia kunisifu.

Vita ikaisha, Mwalimu akazeeka, akarudi kwao ziwani. Siku ya kuondoka alinipa kile chuma chake cha vidole viwili, amekifunga kwenye kitambaa. Nilikigonga gotini lori lilipoanza kwenda, na noti yake ikabaki kwangu hata vumbi lilipotulia.

Nakuja sasa kwa mwaka wa juzi.

Kawaida mshindi alipewa kondoo. Mwaka wa juzi mfanyabiashara mmoja mwenye roho nzuri alitoa mabati thelathini, mapya, yakasimamishwa nje ya ukumbi yakimeta. Kila mtu alijua yalikuwa na maana kwa nani. Kwaya nyingi zilikuwa na paa tayari. Lakini upande wa Nyaramba kulikuwa na kanisa ambalo mvua ya mawe ilikuwa imelivunjia nyasi zote za juu, na watu wake walikuwa wakisali chini ya mbingu, wakihama kona kwa kona kufuata kivuli. Nyakundi alinieleza hayo asubuhi. Nikamjibu kwamba mwamuzi hapaswi kuambiwa habari za mapaa.

Kwaya ya kanisa letu, ambamo Kerubo aliimba sauti ya kwanza, ilikuwa imeandikishwa pia, kwa mara ya kwanza. Mimi sikuwa nimelala nyumbani wiki nzima. Nilikuwa Kisii nikijenga duka, nikaja moja kwa moja kutoka kazini.

Siku hiyo ukungu ulikuwa kama ule wa siku ya kwanza. Uliingia madirishani, ukapita juu ya blanketi na kutufikia, na zile sauti zilikuwa zinatoka mahali pasipo na mbele wala nyuma. Kwaya zilipita moja baada ya nyingine. Nilikuwa nusu hapa, nusu juu ya jukwaa langu la miti, nina tofali mkononi.

"Namba saba," akasema Nyakundi.

Miguu ya watu wachache. Kumi na tano, kumi na sita. Wakaanza chini sana, kama watu wanaozungumza jikoni, wakapanda taratibu ukutani, na mimi nikaacha kuhesabu. Sijui niwaelezeje. Ilikuwa kama kukumbuka mahali ambapo sijawahi kufika. Wakafika kwenye mstari wa mwisho, na kabla ya neno la mwisho nikaisikia: ile pumzi. Mtungi ukitua.

Kerubo, nikasema moyoni. Hii ni kwaya yetu.

Sheria ilisema simama. Mguu wangu ulisogea, nakumbuka. Lakini nikifikiria kusimama, niliwaona watu wa upande wa pili wakiona blanketi limetikisika, wakiulizana, fundi ameenda wapi, kumbe na yeye? Na nikibaki nikawapa wanachostahili, arobaini na sita kwa hamsini, alama ambazo sikuwahi kumpa mtu, je, watu watasemaje wakisikia kwamba mke wangu alikuwemo? Mabati thelathini, wangesema. Fundi wa mapaa amemtafutia mkewe paa.

Nikaandika arobaini na mbili. Niliona hiyo ndiyo haki kubwa kuliko zote nilizowahi kutenda. Nilimpunguzia mke wangu alama nne, na nikakaa pale nikijiona mrefu.

Nyakundi akajumlisha. Kwaya ya mjini ikashinda. Namba saba ikawa ya pili, nyuma kwa alama tatu. Mimi sikungoja majina yasomwe. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikashika njia ya nyumbani, nikipanga njiani jinsi nitakavyomtuliza Kerubo akirudi na hasira.

Nilimkuta nyumbani. Amekaa mlangoni, anamenya ndizi.

"Umefikaje kabla yangu?" nikamuuliza.

"Kufika kutoka wapi? Hatukwenda. Lori lilizama kwenye tope pale mtoni tangu alfajiri, tumesukuma mpaka tumechoka, tukarudi na miguu." Akaniangalia. "Kwani kuna nini? Umekuwa kama umeona marehemu."

"Namba saba ni nani?"

"Mimi nitajuaje namba zenu za nyuma ya blanketi? Imba ulivyosikia."

Nikaimba ule mstari wa mwisho, kwa sauti yangu ya saruji. Nikavuta pumzi pale walipovuta. Kisu chake kikasimama.

"Hao ni watu wa kwetu," akasema. "Hiyo ni pumzi ya mama mdogo Moraa. Ndiye aliyetufundisha sote. Ukilima naye mwezi mmoja tu, utavuta hapo mpaka ufe." Uso wake ukafunguka kwa furaha. "Kwa hiyo mwaka huu wameenda! Na kanisa lao lile, maskini. Wameyapata mabati?"

Nikainama nikaokota ganda moja la ndizi.

"Uliwapa ngapi, Baba Kemunto?"

"Nilidhani ni wewe."

Maganda ya ndizi yalikuwa yamelala mguuni pake, na ukungu ulikuwa umefika mpaka mlangoni.

"Ukadhani ni mimi," akasema, "ukafanya nini?"

"Nikapunguza nne. Watu wasiseme."

"Kwa hiyo kama ningekuwa mimi, na nimeimba vizuri hivyo, ungenipunguzia hivyohivyo."

"Kwa ajili ya haki, Mama Kemunto."

"Haki ya nani?" Akachukua ndizi nyingine. "Siku ya kwanza kabisa nilikwambia kwamba kwetu tunavuta hapo. Kwetu. Nilipiga kelele, kanisa zima likasikia. Wewe mwenye sikio ndiye hukusikia."



Nilikaa na jambo hilo miezi kadhaa. Nilikuwa nikiweka tofali na kusikia namba saba. Mvua za masika zikaja, na kila ngurumo ya mvua ya mawe milimani nilijua ni vichwa vya nani vilivyo wazi. Mwishowe nilienda Kisii, nikanunua mabati thelathini yaleyale na misumari, nikakodi lori mpaka barabara ilipoishia, na wanaume wa kule wakayabeba vichwani mpaka kanisani. Moraa akaja.

Lazima niwaeleze wasio wa kwetu: mama mdogo wa mke wangu ni mkwe wangu. Kwa adabu yetu simkaribii, simpi mkono, simtazami usoni. Ndiyo maana miaka yote hiyo sikuwahi kukaa mahali anapoimba. Nilisimama nikitazama mgomba, naye akasimama mbali akitazama ukuta, tukaongea hivyo.

"Mkwe," akasema, "nasikia umeleta mabati."

"Ndiyo, mama."

"Ya nini? Sisi tulishindwa. Mtu aliyeshindwa anakwenda nyumbani na miguu yake."

Nikauambia ule mgomba habari yote. Pumzi, blanketi, alama nne.

"Kwa hiyo tulishinda," akasema.

"Mlishinda kwa moja."

"Ulimwambia nani?"

"Mke wangu. Na wewe."

"Na huo mgomba." Wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Mkwe, mabati yakae hapo chini. Watu wangu walitembea siku nzima kurudi kutoka kule wakisema tulikosea wapi. Binti mmoja ameacha kuimba, anadhani ni yeye aliyeharibu. Sasa nikiweka paa, nitamwambia paa limetoka wapi? Kwa huruma ya mkwe? Nenda ukaseme mbele ya wale waliosikia tukishindwa. Ukisema, panda ulitandike. Usiposema, lori lako lipo."

Yakakaa chini mpaka mashindano ya mwaka jana. Nyasi zikaota juu yake.

Siku hiyo nilifika kwenye blanketi, sikupita nyuma yake. Nilisimama mbele. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyokumbuka, maana sikuwahi kuwatazama tangu mwaka wa kwanza. Nilisema kwamba mwaka uliopita niliitambua kwaya, nikakosea kuitambua, na badala ya kusimama nikapunguza alama ili nionekane mwenye haki. Nilisema namba saba walishinda. Nilitaja kanisa lao, nikataja na zile alama.

"Sasa sisi tukabandue mabati?" akauliza mwalimu wa kwaya ya mjini.

"Kaeni nayo. Haya yalikuwa makosa ya sikio langu, si ya koo zenu."

"Si wewe uliyesema huna mfano?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Avue viatu na yeye!" Ukumbi wote ukacheka, na nikavua, nikavisimamisha pale pale mbele ya blanketi, maana sikujua la kufanya lingine. Kicheko kikafa chenyewe. Katika ule utulivu nilisikia mtu mmoja akilia, msichana, safu za katikati. Sikumtazama. Nilikuwa nimemaliza kuamua. Chuma cha Mwalimu Ochieng nilimkabidhi Nyakundi awape ninyi, kimefungwa kwenye kitambaa kilekile. Blanketi lipo kwake pia. Mkimjua mwimbaji, simameni. Hasa hapo.

Paa nililipiga mwenyewe, siku tano, misumari yote kwa mkono wangu. Moraa alikaa nje chini ya mti wa msanduku siku zote hizo, kwa sababu mkwe hawezi kuwa juu ya kichwa cha mama mkwe, na kila jioni aliuliza kwa sauti kama paa linavuta pumzi.

Siku ya kwanza walipoimba ndani yake nilikaa karibu na mlango, uso nimeugeuza kidogo. Walipofika ubeti wa pili, mvua ya mawe ikashuka. Ninyi mnajua mabati na mvua ya mawe. Ulikuwa mngurumo mmoja, mweupe, uliofuta kila kitu, na mimi mwenye sikio kuliko watu wote sikusikia hata noti moja. Lakini hawakuacha. Niligeuza macho, adabu inisamehe, nikawaona: watu kumi na sita, midomo inafunguka na kufungika bila sauti, kama watu wanaoimba chini ya maji. Na yule binti alikuwamo. Nikajua wamefika mstari wa mwisho, kwa sababu vifua kumi na sita vilipanda pamoja, mara moja, taratibu, vikasimama juu kidogo, vikashuka.

Ile pumzi nilikuwa sijawahi kuiona. Nilishangaa.

Zile alama nne zilinigharimu mabati thelathini, misumari, na lori kutoka Kisii mpaka barabara inapoishia: shilingi mia tatu na kumi na nne, na senti sitini.